Makucha Yasiyo na Mbavu

"Sisi hatutaki kitu," alisema Mukhtiar Singh, na mdomoni mwake kulikuwa na sambusa ya tatu. "Mungu katupa. Tumekuja kuchukua binti, hatukuja kuchukua mali."

Parsinn Kaur alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe na birika la chai mkononi. Alikwisha kuona wadogo zake wakiolewa, akaona na mabinti wa nusu ya mtaa, kwa hiyo alijua: mzee wa upande wa kiume akianza kwa kusema hataki kitu, tafuta pa kukaa, maana kitakachofuata ni kirefu. Na kweli. Kabla chai haijapoa friji lilikuwa limeshatajwa, tena la milango miwili, "kwa sababu atakayelitumia ni binti yenu wenyewe." Ikaja pikipiki. Zikaja pete za dhahabu za baba wadogo wawili na mjomba. Ukaja ukumbi wa harusi wenye jukwaa, maana watu wa Chak Sohal hawajazoea kulishwa chini ya turubai. Yote yaliombwa kwa upole, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Tarlochan Singh, mumewe, aliitikia kila kitu kwa kichwa. Alikuwa mtu mzima, fundi wa chuma, mikono imejaa alama za cheche, lakini siku hiyo alikaa kwenye ncha ya kiti chake mwenyewe kama mwombaji wa kazi.

"Halafu kuna kadogo ka mwisho," Mukhtiar alisema, akajifuta ndevu. "Jagseer wangu ana trekta, mmeiona hapo nje. Na wewe, mkwe, ni fundi wa makucha unayejulikana mpaka ng'ambo ya mto. Sasa binti wa fundi wa makucha aje kwetu, halafu trekta ya mumewe mbele iwe uchi? Siombi. Nauliza tu, watu watasemaje?"

Makucha ni lile chuma la meno linalofungwa mbele ya trekta, hufumbua na kufumba kwa jeki za mafuta, likakumbatia mzigo wa miwa au gogo zima na kuubwaga kwenye trela. Msimu wa miwa ulikuwa umeanza, kiwanda cha sukari kinafuka moshi mchana kutwa, na katika sehemu ile ya Punjab mkulima asiye na makucha alionekana maskini hata kama hana shida.

"Yatakuwepo," alisema Tarlochan. "Tena manene."

"Manene hasa," alisema Mukhtiar. "Mimi napenda kitu kinachoonekana."

Hawakuondoka bado. Mukhtiar aliomba binti aitwe tena, na Manjot alipoingia na sinia la jalebi za sukari akamwambia kwa sauti ya baba mwema, "Mwanangu, hebu vua viatu usimame karibu na Jagseer. Si kwa ubaya. Viatu vya siku hizi vinadanganya." Manjot akavua. Akasimama kwenye sakafu ya baridi, vidole vya miguu vimejikunja, na Jagseer, kijana mrefu mwenye haya, akasimama ubavuni mwake akitazama ukuta. Alimzidi kidogo tu. Watu wakacheka, wakasema wanafaa. Parsinn akaenda kuongeza chai.

&nbsp;

Karakana ilikuwa uani kwao, kati ya jiko na lango la barabarani. Tarlochan alikata na kuchomelea. Msasa na rangi zilikuwa kazi za Parsinn, kwa sababu mtu wa kupaka rangi hulipwa, mke halipwi. Yeye ndiye aliyeandika jina la karakana kwenye kila makucha yaliyotoka pale, na akachora simba ubavuni, simba ambaye alimtoka vizuri kuliko simba wa mabango ya sinema.

Miaka yote ya kupaka rangi ilikuwa imemfundisha makucha yakoje. Nguvu haiko kwenye meno. Meno kila mtu huyatazama, na meno hutengenezwa kwa springi za lori kuukuu, hayana neno. Nguvu iko kwenye boriti, lile sanduku refu la chuma linalolala chini na kubeba meno yote. Ndani ya boriti husimamishwa vipande vya bamba, shibiri kwa shibiri, na mafundi huviita mbavu. Boriti yenye mbavu ukiipinda haipindiki. Isiyo na mbavu ni mfereji wa bati uliofunikwa. Shida ni kwamba mbavu hazionekani. Ukishafunga sanduku umezizika, na wanunuzi wa kwao hawanunui wasichokiona. Wao wanataka unene: boriti kama paja la mpiga mieleka, taa mbili za pembeni, na simba.

Makucha ya Manjot yalikuwa manene kuliko yote yaliyowahi kutoka pale. Parsinn alianza kuyapiga msasa asubuhi yenye ukungu, na mara vumbi likaanza kumwangukia miguuni. Vumbi jeupe. Akasimama akalitazama. Chuma hakitoi vumbi jeupe, hata kiwe cha peponi. Akachukua bisibisi, akachimba kwenye kona ambako jino la mwisho linaungana na boriti, na bisibisi ikaingia kama inachimba jibini.

"Baba Manjot, hebu njoo."

"Nina kazi."

"Njoo uniambie hiki ni chuma gani kinachochimbika."

Tarlochan alikuja akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Akaitazama kona, akatazama lango.

"Puti kidogo," alisema. Puti ni lile dongo la kuzibia mabonde ya magari yaliyogongwa. "Bamba lilikuwa na bonde, nikasawazisha."

"Bonde liko mpaka huku?" Parsinn akagonga boriti kwa mpini wa bisibisi, mwanzo hadi mwisho. Ililia kama debe. "Mbavu ziko wapi?"

"Punguza sauti."

"Nauliza mbavu ziko wapi."

"Ziko kwenye ukumbi wenye jukwaa!" Tarlochan alimfokea kwa kunong'ona, maana hata hasira yake siku hizo ilikuwa ya kujificha. "Ziko kwenye friji la milango miwili. Bamba nene limekwenda kununua pete ya mjomba mtu ambaye sijawahi kumwona. Ulitaka nifanyeje? Nijichomelee mwenyewe mle ndani niwe mbavu?"

"Ungemwambia huna."

"Mwambie wewe. Nenda kamwambie hatuna, halafu uone kama atamaliza chai yake."

Hilo lilikuwa kweli, na Parsinn alilijua. Kisha akasema, "Atakayeyaendesha ni mwanao wa kesho. Jino likinasa kisikini, boriti itajikunja na mzigo utashuka juu ya watu."

"Haitajikunja. Na watapima kwanza. Watapima kama wanavyopima wote." Hapo Tarlochan akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomchefua Parsinn kuliko puti.

Maana kupima kwao kulijulikana. Mnunuzi huja na jamaa zake walioshiba, wanapanda ndani ya makucha, wanane, kumi, wakikumbatiana mabega, trekta inawanyanyua juu, wengine wanapiga picha, kelele zinapigwa, na makucha yanahesabiwa kuwa mazima. Tangu zamani ndivyo walivyofanya na kila mtu aliridhika. Lakini watu wazito waliokaa katikati hukandamiza chini tu, sawa na watu waliokaa kwenye benchi, na hata boriti tupu huweza kuwa benchi. Shambani hakuna mzigo unaokaa katikati. Shambani jino moja la pembeni hunasa mzizi na mashine nzima inasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Parsinn alijua hivyo kwa sababu makucha yaliyowahi kurudishwa kwao kutengenezwa, hata ya mafundi wengine, yote yalikuwa yamesokoteka, hakuna hata moja lililobonyea.

Kisha wazo likamjia, akalikataa, likarudi. "Yale matatu ya mwezi uliopita," alisema. "Uliyoyapiga msasa mwenyewe. Ulisema unataka nipumzishe mgongo."

Tarlochan akajikuna chini ya kilemba.

"Wamerudi?" aliuliza yeye badala ya kujibu. "Hakuna aliyerudi. Wameridhika."

"Hawajarudi kwa sababu msimu ndio kwanza umeanza!"

Parsinn alikuwa amemshukuru siku ile kwa kumpumzisha mgongo. Alimtengenezea halua ya karoti. Kisha akakaa mbele ya yale makucha matatu na kuyachorea simba mmoja mmoja, kwa utulivu, akiimba. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Haya hayakuwa na kipande cha mti hata kimoja, yalikuwa na hewa.

&nbsp;

Manjot alikuwa jikoni akisukuma chapati. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho bila kuacha kazi, na alipomaliza akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Parsinn alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, lakini si hilo.

"Mimi na baba yako."

"Basi lisitoke hapo."

"Mwanangu, umenisikia nilichosema? Jagseer atakuwa chini ya chuma hicho."

"Jagseer anakaa kwenye kiti cha trekta. Wanaokuwa chini ni vibarua." Manjot aliigeuza chapati. Masikio yake yalikuwa mekundu, kwa hiyo aibu alikuwa nayo, lakini hakuyarudisha maneno. "Mama, mwezi ujao natimiza thelathini. Hawa ni wa tatu. Mara tatu nimevua viatu mbele ya watu wanaokula sambusa zetu. Wale wa kwanza walinitaka nisome gazeti kwa sauti waone kama nina kigugumizi. Sivui tena. Baada ya harusi, baba atayafungua ayatie hizo mbavu, au watayauza, au yataoza na kutu. Acha ipite kwanza harusi."

"Na kama mtu akifa?"

"Hujui kama mtu atakufa. Unachojua ni kwamba mimi nitabaki hapa."

Chapati ikaungua upande mmoja. Parsinn akaila hiyohiyo iliyoungua, kavu, akiwa amesimama.

&nbsp;

Siku ya kupima, watu wa Chak Sohal walikuja na magari mawili na ile trekta, imeoshwa, imefungwa utepe. Mukhtiar alileta ndugu zake wote wenye matumbo, na hakuficha kwamba amewachagua kwa matumbo. "Leo mkwe tutakujua!" alipiga kelele kutoka langoni. "Nimeleta magunia yangu mazuri!"

Parsinn alitakiwa kumwaga mafuta ya haradali pande mbili za lango, kama inavyofanywa kitu kipya kinapotoka nyumbani, ili kitoke na heri. Akamwaga upande mmoja. Akamwaga na wa pili. Mafuta yaliingia kwenye vumbi na yeye akayatazama yanavyoingia. Makucha yalikuwa yamefungwa mbele ya trekta, mekundu, yanang'aa, simba kafumbua kinywa. Wale wanaume walizunguka wakiyapigapiga makofi kama wanapima dume la nyati wa kufugwa sokoni.

"Hili paja!" alisema mmoja. "Tazama hili paja!"

"Makucha ya kula hotelini hayo," mwingine akajibu. "Yameshiba."

Walipanda. Walikanyagana, wakashikana vilemba, wakatukanana kwa mapenzi, na Mukhtiar mwenyewe akakaa katikati kama bwana harusi. Jagseer akavuta mpini. Jeki zikalia, makucha yakapanda na matumbo yote yale, yakasimama hewani. Simu zikatolewa. Tarlochan alikuwa amesimama chini, mikono nyuma, na jasho linamtoka katika baridi ile. Manjot alikuwa dirishani mwa jiko.

"Imara!" Mukhtiar alipaza sauti kutoka juu. "Mkwe, nimekukubali! Ni chuma cha wanaume!"

Waliposhuka, wakapigana mabega, wakaanza kwenda mezani kulikokuwa na bajia. Ndipo Parsinn alipojisikia akisema, "Jagseer, mwanangu, kabla hujazima. Lile shina la mkaratusi pale pembeni. Lishike kwa jino la mwisho peke yake, kisha unyanyue."

Wanaume wakageuka.

"Mama Manjot," alisema Tarlochan taratibu, "nenda kalete chutney."

"Chutney ipo mezani."

Mukhtiar akacheka. "Shemeji, makucha tumeshayapima. Au unataka na wewe upande?" Wenzake wakacheka naye. "Wanawake wa Tarlochan wanajua mambo ya jeki!"

"Najua ya rangi tu," alisema Parsinn. "Ila shambani hamtanyanyua wajomba. Mtanyanyua visiki. Basi na anyanyue kisiki kimoja tuone."

Kama wasingecheka huenda Jagseer angezima. Lakini walikuwa wamecheka, na kijana alikuwa na mchumba dirishani. Akaisogeza trekta, akainamisha makucha, akalikamata shina kwa jino la pembeni, akavuta mpini.

Halikuwa jambo la kishindo. Kwanza rangi ilipasuka nyufa nyembamba, kama yai lililochemshwa. Vipande vya puti vikaanza kudondoka, vyeupe upande mmoja na vyekundu upande mwingine. Kisha boriti ikajisokota yenyewe bila haraka, na uso wa simba ukakunjana, jicho likaenda kukutana na taya. Mshono ukafunguka. Ndani yake hakukuwa na kitu, watu wote wakaona mpaka mwisho wa sanduku, na jino likaning'inia. Shina la mkaratusi halikuwa limetikisika.

Jagseer alizima trekta. Tarlochan alikuwa anatazama viatu vyake.

Parsinn alikuwa amekwisha kujiandaa kwa matusi. Alijua yatakuja, alikuwa hata amekubali yaje, yaivunje harusi, yamvue mumewe kilemba mbele ya watu, mradi chuma kile kisitoke langoni. Alimtazama Mukhtiar Singh akilikaribia sanduku lililopasuka, akiinama, akichungulia ndani kama mtu anayechungulia kisima. Mukhtiar akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Parsinn akachelewa kuelewa kwamba alikuwa anacheka.

"Mkwe," alisema, machozi ya kicheko yakimtoka, "mkwe wangu! Kumbe tumekutana!"

Tarlochan akainua macho.

"Baba," Jagseer aliita kutoka juu ya trekta, kwa wasiwasi, "sasa yule mtu wa mizani akiona hivi si atakataa?"

"Nyamaza wewe."

"Mtu gani wa mizani?" aliuliza Parsinn.

Jibu lilikuwa limeshatoka, na Mukhtiar hakuwa mtu wa kuona haya kwa muda mrefu. Alimshika Tarlochan begani. "Tuseme ukweli, sasa tumeshakuwa ndugu. Trekta hii ni ya shemeji yangu, inarudi kwake leo. Kijana hana trekta. Sasa asiye na trekta atafanyia nini makucha? Nimeshayauza. Kuna mmoja anaitwa Ramsevak, mkuu wa kikosi cha wapakia miwa pale kwenye mizani ya kiwanda. Watu wa Bihar, vibarua wa kuja. Wamechangishana na wenzake, wananunua trekta kuukuu na makucha, waache kubeba kwa vichwa. Anakuja kesho. Nilikuwa nawaza ataniletea maneno kuhusu bei, maana mali ya Tarlochan inajulikana ni nzito." Akacheka tena. "Kumbe nilichouza ni jina tu. Si mbaya. Jina nalo linauzika."

"Naweza kuifunga vizuri zaidi," alisema Tarlochan, na sauti yake ilikuwa imepata uhai ambao haikuwa nao tangu siku ya sambusa. "Nikitia bamba la nje kwenye kona, halafu puti—"

"Ndiyo hivyo! Kona ndiyo muhimu. Na wao wanapima kwa kupanda, kama sisi. Tena hawana matumbo." Wale ndugu wakacheka sana kwa hilo. "Na nitakuletea wengine, mkwe. Wako wengi wa namna yao. Harusi iko palepale."

Wakakumbatiana. Wanaume wawili ambao dakika chache kabla kila mmoja alikuwa anamwibia mwenzake, wakakumbatiana mbele ya lile sanduku lililopasuka kama watu waliookoka ajali, na bajia zikaanza kuliwa. Parsinn alisikia harufu ya mafuta ya haradali, ya kukaangia na ya langoni, zote pamoja. Alitema mate chini mbele ya wageni. Hakuna aliyeona, au walioona walijifanya hawakuona.

"Mama Manjot," mumewe akamwita kwa upole, upole uleule wa wenye kuomba chumvi, "leta msasa na rangi. Kabla ya jioni iwe imekauka."

"Sipaki."

"Shemeji," alisema Mukhtiar, akatoa noti akaiweka juu ya kopo la rangi, "hii ni ya heri, ya kwako mwenyewe. Harusi ya bintiyo iko kwenye brashi hiyo. Usiwe na roho ngumu."

Hapo Manjot akatoka jikoni. Alikuwa amesikia yote, hakuna aliyejisumbua kusemea chini. Alipita mbele ya Jagseer, ambaye aliteremsha macho, akapita mbele ya baba mkwe wake, akafika kwenye kopo. Parsinn alimwona akiishika ile noti na moyo wake ukaruka: itupe, mwanangu, itupe usoni kwake, na mimi nitavunja kila sahani mezani. Manjot akaikunja noti vizuri, akaisogeza pembeni isichafuke, akachukua brashi.

"Baba, ukimaliza kuchomelea kona uniambie," alisema. "Nitaanza na huku ambako hakujapasuka."

"Manjot," Parsinn akamwita.

"Mama, nimeshakwambia. Sivui tena viatu." Hakugeuka. Brashi ilikwenda juu na chini, bila matone, kama alivyofundishwa. Umleavyo ndivyo akuavyo.

Parsinn akavuta shela yake kichwani, akaelekea langoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Tarlochan.

"Kwenye mizani."

Sasa wote waliacha kula. Mukhtiar alikuwa wa kwanza kuelewa, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na kicheko. "Mzuie mkeo," alisema. Tarlochan akapiga hatua moja, akasimama, kwa sababu mkewe alikuwa amegeuka na kumtazama.

Manjot ndiye aliyesema. "Mama, ukitoka hapo langoni, mimi sina harusi. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Na hutanipatia nyingine."

"Najua, mwanangu."

Alisimama pale kidogo, mkono kwenye komeo, labda akingoja binti yake aseme neno jingine, lolote. Brashi ikaanza tena. Parsinn akafungua lango, akakanyaga mafuta aliyoyamwaga mwenyewe, akatoka.

&nbsp;

Malori na trela za miwa zilikuwa zimepanga foleni mpaka darajani. Alitembea kando yake akiuliza, na madereva wakamwelekeza kwa vidole bila kuteremka. Ramsevak alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene ya mbebaji, kajifunga kitambaa kichwani, anakunywa chai kwenye kikombe cha udongo pamoja na wenzake juu ya marundo ya miwa. Walipomwona mwanamke wa makamo, amefunika kichwa, viatu vina mafuta na vumbi, wakasimama.

"Karibu, mama. Umepotea?"

"Wewe ndiye unayenunua makucha kesho kutoka kwa Mukhtiar Singh wa Chak Sohal?"

Uso wa Ramsevak ukachangamka. "Ndiye mimi! Umetumwa? Mwambie fedha ziko tayari, hawa wote wameshatoa."

"Usiyanunue. Hayana kitu ndani. Boriti ni bati, kona zimezibwa kwa puti. Yatanyanyua watu, kisiki hayanyanyui. Yatamwangukia mmoja wenu."

Wanaume wale walitazamana. Mmoja akacheka kidogo, kwa kutoamini. Ramsevak aliweka kikombe chini. Hakuwa na hasira, alikuwa na ile tahadhari ya mtu aliyezoea kudanganywa, ambaye sasa anajiuliza mwongo ni yupi kati ya wawili.

"Mama, nisamehe. Mukhtiar Singh amesema yametoka kwa fundi mkubwa. Wewe umejuaje?"

"Nimeyaona yakipasuka."

"Yalipasukia wapi? Wewe ni adui wake? Watu wana ugomvi wao wa mashamba, halafu sisi ndio tunakosa mali." Wenzake waliitikia. "Fundi mwenyewe ni nani? Tutajie, tukamuulize."

Parsinn alifungua kinywa. Kwao mwanamke hatamki jina la mumewe, si kwa hofu, ni heshima tu, na tangu alipoingia nyumba ile kama bibi harusi hakuwahi kulitamka, hata hospitalini alipojifungua Manjot, alipoulizwa, alimwomba nesi amsubiri shemeji yake aje alitaje. Wale watu walikuwa wanamngoja. Nyuma yao trela ilipanda kwenye mizani, chuma kikalia.

"Tarlochan Singh," alisema. Sauti ilitoka ndogo, hawakuisikia kwa kelele ya mizani, wakamwambia arudie. Akarudia kwa nguvu, mpaka madereva wa foleni wakageuka. "Tarlochan Singh! Ni mume wangu. Na wale simba wa ubavuni, anayewachora ni mimi."